Ufa

Simu niliinunua kwa Mutonkole, sokoni, mtaa wa Kenya.
Ilikwisha kupita mikononi mwa watu watatu, wote waliiangusha.
Akanionyesha betri, akanionyesha spika;
kamera aliiruka
kama mtu anavyomruka mlevi aliyelala mlangoni.
Nyumbani ndipo nilipouona:
ufa, mwembamba kama unywele wa kichanga,
unashuka toka kona ya juu hadi chini kushoto,
unakikata kila ninachokitazama.

Dada yangu Mwadi ulimpita shavuni.
"Umenichanja," akasema, akarudi kwenye ndoo zake.
Bomba refu la kiwanda: ufa.
Mlima mweusi wa mabaki ya shaba: ufa.
Na kwenye harusi ile ya Kamalondo, kazi yangu ya kwanza ya malipo,
ukapenya katikati ya bwana na bibi.
Mama wa bibi harusi alinirudishia simu kwa vidole viwili:
"Umewatenganisha. Na hela nikupe?"

Nikamwendea Mutonkole.
"Uliniuliza kama inapiga," akasema. "Haipigi?"

Basi nikaanza kuutafutia ufa mahali pa kulala.
Nyaya za Katuba zilinifaa,
zile zinazolegea toka nguzo hadi nguzo
na aghalabu hazina umeme wenyewe.
Nikichuchumaa mtaroni, nikiinamisha kichwa hivi,
ufa unaingia ndani ya waya, unatulia,
hakuna anayeujua ila mimi.
Kisha ukingo wa bati. Spoki ya baiskeli ya muuza makala.
Siku moja njia ya nywele
kichwani pa mtoto anayesukwa,
na sikupumua mpaka nilipobonyeza.

Watu huniuliza nani alinifundisha.
Shule niliiacha mwaka wa nne, ada ilitushinda.
Lakini nimemtazama shangazi Kibawa akichambua maharagwe:
hachagui yaliyo mazuri,
anatupa mawe; kinachobaki tunakula.
Nimesimama ndani ya mashine ya unga ya Sompwe
saa tisa, jua linapopenya tundu la msumari,
unga ukining'inia hewani na mwanga ukapata mwili,
mwanga wenye kiuno.
Nilitoka nyusi nyeupe, watoto wakanikimbia.

Na bibi, bibi yangu mwenyewe, mzaa mama,
asiyeona tena hata kijiko chake,
ananisimulia walivyomwaga zamani mabaki ya moto
usiku, mlimani, na mji wote ukawaka
rangi ya papai lililopasuliwa.
Dakika moja tu. Watu wakaonana nyuso.
"Nikamwona mwanamume amesimama.
Giza lilipofunga nilikuwa nimekwisha kuamua.
Kulipokucha nikagundua ni mfupi."
Anacheka hadi anakohoa.
Mimi dakika ile naisubiri kila siku.
Sijawahi kuipata nzima.

Nimejaribu kuzitazama upya zile za mwanzo,
za nyaya. Nazikuza kwa vidole viwili,
nazikuza zaidi.
Siwezi kusema tena upi waya, upi ufa.

Juzi nimepita kwa Mutonkole, chaji inasumbua.
Akaigeuza simu, akaugusa ufa kwa ukucha.
"Hiki kioo ninacho. Ninacho tangu siku ile. Franka elfu tano."
"Mbona hukuniambia?"
"Uliniuliza?"

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro.
Upande wa mlima mweusi mwanga ulishaanza kuteremka,
ukishika mabati moja moja.
Nikaitia simu mfukoni, nikaondoka mbio,
nyuma yangu Mutonkole akipaza sauti juu ya vichwa vya soko:
"Elfu nne! ... Tatu na nusu!
We! Unakwenda nayo wapi hivyo hivyo?"